Adagietto ya Mahler ni F meja, mbona inaliza? Na tempo yake hasa ni ngapi?

nyuzi_nne:
Wakuu habari. Naomba msaada kwa wanaojua hizi klasiki. Nimekuwa nasikiliza Adagietto, ile sehemu ya nne ya Simfoni namba 5 ya mtunzi Mahler, nikataka kupiga nayo vayolini nyumbani taratibu. Nikaiweka kwenye app ya kupima tempo (mwendo, mapigo kwa dakika), rekodi ya kwanza ikanipa 75, nikaweka rekodi nyingine ya wimbo uleule ikanipa 118, sasa mimi metronomu (kile kifaa cha kugonga mapigo) naiweka wapi jamani?? Halafu ufunguo inasema F meja, ila mudi imeandika "huzuni". Mimi nilifundishwa meja ni furaha na maina ni huzuni, na hapa kusema kweli kila nikifika mwisho koo linanikaba. Nani kakosea, app au mwalimu?

besi_ya_nyuma:
Hiyo app isamehe tu. Zile zinatafuta mshtuko wa sauti, ngoma au kitu kinachogonga, na hapa hakuna kinachogonga, ni nyuzi na kinubi peke yake, tarumbeta na filimbi zote zimekaa kimya sehemu nzima. Nyuzi zinaingia kama moshi, hujui noti imeanza saa ngapi, kwa hiyo app inashikilia vidonyoo vya kinubi na kuvihesabu kana kwamba ndiyo mapigo, ndo maana inakupa namba kubwa hivyo kwa wimbo wa kutembea pole.

Piga hesabu mwenyewe. Kuna vipimo 103, kila kimoja mapigo manne, jumla 412. Gawanya kwa dakika za rekodi uliyonayo. Chukua waongozaji wa okestra: Mengelberg mwaka 1926 alimaliza kwa dakika 7 na kidogo, hapo ni kama mapigo 58 kwa dakika. Bruno Walter 1938 karibu dakika 8, yaani 51 au 52. Haitink na okestra ya Berlin 1988 anakaribia dakika 14, hiyo ni 29 au 30!! Noti zilezile, mmoja anakwenda nusu ya mwendo wa mwenzake. Na hizo ni wastani tu, ndani yake kuna kuvuta na kuachia kila mahali.

nyuzi_nne:
29?? Mkuu metronomu yangu haifiki huko chini, inaanzia 40 😅 Sasa Mahler mwenyewe aliandika ngapi?

besi_ya_nyuma:
Hakuandika namba. Aliandika Sehr langsam, "polepole sana", basi. Ila mbele kidogo tu, melodi ikishaanza, anaandika Nicht schleppen, maana yake usikokote. Watu wengi wanasoma lile la kwanza wanajifanya hawajaliona la pili. Na jina lenyewe Adagietto ni adagio ndogo, nyepesi. Mimi dakika 14 siziwezi, nasinzia.

kinubi_cha_jioni:
Kusinzia ni shida yako besi, mimi ile ya dakika 14 nikiwa na hedifoni gizani nasahau hata kupumua.

Turudi kwa aliyeuliza. Mwalimu hajakosea, amefupisha. Sikiliza mwanzo kabisa: kinubi na nyuzi za chini wanashika A na C tu. Hizo noti mbili zinaweza kuwa za F meja na zinaweza kuwa za A maina, hujaambiwa nyumbani ni wapi. Vayolini zinaingia C, D, E, zinapanda ngazi tatu, na hapo F meja inapofika kweli chini yake wao bado wameng'ang'ania E, wamesimama mlangoni nusu toni tu kabla ya kuingia, ndipo wanateleza kwenda F. Ule mchubuko wa E juu ya kodi (noti zinazolia pamoja) ya F ndio unaokukaba koo. Na anaurudia mchezo huo wimbo mzima, noti inachelewa kutua, ikitua nyingine imeshaanza kuchelewa. Ukipiga polepole zaidi, kila mchubuko unakaa muda mrefu zaidi, kwa hiyo tempo ndiyo inayogeuza hamu kuwa msiba, ufunguo haujabadilika hata kidogo.

msikilizaji_tu:
Na msiba wenyewe tumeuleta sisi baadaye. Mengelberg, ambaye alimfahamu Mahler, aliandika kwenye nakala yake ya noti kwamba hii ni barua ya mapenzi kwa Alma, aliyefunga ndoa na Mahler Machi 1902, kipindi hichohicho simfoni inaandikwa. Kisha 1968 mwongozaji Bernstein akaipiga kwenye mazishi ya Robert Kennedy, mwanasiasa wa Marekani, 1971 mtengeneza filamu Visconti akaiweka kwenye filamu ya Death in Venice, tangu hapo nani ataisikia akafikiria uchumba? Simfoni yenyewe ndiyo inaanza na maandamano ya mazishi, C sharp maina, lakini hayo ni sehemu ya kwanza huko, hapa tumeshayapita.

Usiishie hapo pia. Sehemu ya tano inaunganika moja kwa moja, D meja, na ndani yake melodi hii hii ya Adagietto inarudi mbio mbio inachekacheka. Ukiwa umeisikia kwa dakika 14, ikifika huko huitambui tena.

nyuzi_nne:
Nimerudi. Nimesikiliza Walter kwanza halafu Haitink. Aisee Walter ni kama mtu anaongea, anakwambia kitu anataka umjibu. Haitink ni kama mtu huyohuyo anamkumbuka aliyeondoka. Nimeweka metronomu 50 nikajaribu, kipimo cha nne tu ikanishinda, maana vayolini inataka kuvuta pale kwenye E na kile kidude kinaendelea tu tok tok.

kinubi_cha_jioni:
Kizime. Imba kwanza bila vayolini, pumzi yako ikikatikia katikati ya mstari ujue umekwenda polepole mno.

besi_ya_nyuma:
Eeh hapo umesema, mwambie na Haitink 😂