Mfereji unachimbika sehemu moja, na watu wa chini hawapati maji. Tusakafie wote kwa zege?

Mpunga_Usangu: Wakuu habari za humu. Tuko kikundi huku Usangu, hekta kama 30 za mpunga, maji tunayatoa mtoni kwa banio la mawe na magunia ya mchanga alafu yanakuja na mfereji wa udongo karibu kilomita moja. Kuna kipande cha mita 100 hivi kimeshuka sana, maji yamekula chini mpaka mtu akisimama humo ndani humuoni, na majaruba ya chini yamekauka wakati wa juu wanaogelea. Kamati inataka tuchange saruji tusakafie mfereji wote, mi naona hela itaisha katikati. Naombeni ushauri.

Kibarua_Tz: Zege tu mkuu, udongo unakunywa maji balaa

FundiMifereji: Msikimbilie saruji kwanza. Mnajua mnapata maji kiasi gani? Chagua mita 20 zilizonyooka, tupia kijiti katikati hesabu sekunde, 20 gawa kwa hizo sekunde alafu zidisha 0.75 maana chini na pembeni maji yanaburuta, kisha zidisha kwa upana wa wastani na kina. Fanya karibu na banio, rudia mwisho wa mfereji, tofauti ndo inayopotea njiani. Mpunga ukipata lita 1.5 mpaka 2 kwa sekunde kwa hekta uko vizuri.

Hicho kipande ugonjwa wake ni mteremko. Kwenye udongo wa kichanga maji yakizidi kama mita 0.7 kwa sekunde yanachimba, yakiwa mapole mno matope yanatua majani yanaota. Pimeni kwa mpira wa maji ule wa mafundi ujenzi, kutoka mwanzo wa kipande mpaka mwisho wake kimeshuka mita ngapi?

Mpunga_Usangu: Kimeshuka mita 3. Na maji tumepima: karibu na banio kina 0.4, upana 0.6, kijiti mita 20 kwa sekunde 50. Mwisho kule imekuja kama lita 30 tu

FundiMifereji: Juu hapo 20 gawa 50 ni 0.4, x 0.75 = 0.3, mara 0.24 (kina 0.4 x upana 0.6), ni mita za ujazo 0.072, sawa na lita 72 kwa sekunde. Hekta 30 zinataka 45 mpaka 60, kwahiyo maji mnayo ila zaidi ya nusu hayafiki!! Kwenye kipande jengeni ngazi, sita za nusu mita moja moja, katikati yake mfereji ulale kama sentimita 10 kwa kila mita 100. Ukuta wa ngazi uingie vizuri kwenye kingo zote mbili, la sivyo maji yatapita pembeni na kuuacha umesimama peke yake.

MamaJaruba: Na mkisakafia huo mteremko bila ngazi mtajuta, maji yatatoka kwenye zege na spidi kubwa kuliko sasa, shimo linahamia kwa jirani wa chini. Zege wekeni panapovuja tu. Ila kaka yangu, hizo lita 42 zinazopotea (72 toa 30) zote zimenywewa na udongo? Nendeni usiku mkaone matuta yanavyotobolewa 😂 Jengeni vigawa maji vyenye mageti na muwe na zamu zilizoandikwa

Mpunga_Usangu: Dada umejuaje 😅 matundu tunayaziba kila asubuhi

Wa_Mwea: Niko Mwea huku Kenya, hata sisi maji ni kwa zamu na Thiba Dam tunayo tangu 2022. Bila ratiba wa juu atakunywa yote.

Nyundo77: Kibali cha kutumia maji cha bodi ya maji ya bonde mnacho lakini? Na wekeni mtaro wa kurudisha maji ya ziada mtoni, mto Ruaha huko hifadhini unakauka kiangazi tangu miaka ya 90

Mpunga_Usangu: Kibali kipo. Fundi, chini ya kila ngazi maji yanapoangukia tuweke nini?

FundiMifereji: Kijidimbwi cha mawe yaliyojengewa, sakafu ishuke kidogo kuliko mfereji unaofuata ili maji yaangukie maji yapoteze nguvu. Baada ya hapo panga mawe makavu mita moja au mbili ndo udongo uanze. Anzeni ngazi ya chini kabisa mkipanda juu.