Malalamiko: Ramani ya Afrika ya mchezo wa kuteka maeneo haichezeki, na mchoraji hataki kusikia

Wakuu, salaam.

Naandika uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi ni kundi la wachezaji watano, na tulichanga shilingi 65,000 kununua ramani mpya ya Afrika ya mchezo wa kuteka maeneo, ile inayochapishwa kwenye turubai na kuchezwa kwa kanuni zilezile za Risk, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji hutumia askari na dadu kushambulia maeneo yanayopakana na yake. Tumeicheza Jumamosi tatu mfululizo, na katika zote tatu hatukumaliza mchezo hata mmoja bila kusimama kubishana. Hatukubishana juu ya mbinu wala juu ya dadu. Tulibishana juu ya swali ambalo ramani ya aina hii inatakiwa iwe imelijibu kabla mtu hajaliuliza: je, eneo hili linapakana na lile?

Tazameni Kazungula. Mchoraji amezikutanisha Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia kwenye nukta moja, kama chapati iliyokatwa vipande vinne. Mwenzetu aliyeishika Namibia akatangaza kwamba anaishambulia Zimbabwe, mwenye Zimbabwe akakataa, na kitabu cha kanuni hakina hata neno moja kuhusu maeneo yanayogusana kwa pembe. Tulipoteza dakika ishirini hapo. Kinachoniudhi ni kwamba jambo hili lina jibu linalofahamika: Zambia na Botswana zinapakana kwa takriban mita 150 tu ndani ya mto Zambezi, kwa hiyo Namibia na Zimbabwe hazigusani, na daraja lililofunguliwa mwaka 2021, lenye urefu wa mita 923, lilijengwa kwa kupinda ili lisiingie Zimbabwe. Wahandisi walipinda daraja zima kwa ajili ya kuheshimu mpaka, ilhali mchoraji wetu alitakiwa kusogeza mstari kwa nusu sentimita tu, na hakufanya hivyo.

Kosa la maziwa ni kubwa zaidi. Ziwa Victoria halina madhara, kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zinapakana kwa nchi kavu hata ukilifuta ziwa lenyewe. Ziwa Tanganyika ni habari nyingine kabisa. Mpaka wote wa Tanzania na Kongo umo majini, na mchoraji amelipaka ziwa hilo mawimbi ya buluu yaliyoufunika mpaka huo wote bila kutueleza kama maji yanaunganisha au yanazuia. Kama yanazuia, mwenye Tanzania hawezi kuingia Kongo bila kupita Uganda, Rwanda, Burundi au Zambia, na ghafla Burundi inakuwa mlango wa kugombaniwa kwa askari ishirini. Kama yanaunganisha, je, Burundi nayo inaweza kuishambulia Zambia, kwa kuwa zote mbili zina ufuko kwenye ziwa hilohilo? Mchezo mzima wa Afrika ya Mashariki na Kati unategemea jibu hilo, na turubai halisemi lolote. Jumamosi ya kwanza tulikubaliana kwamba maji yanazuia, ya pili tukakubaliana kwamba yanaunganisha, na tukajikuta tumecheza michezo miwili tofauti juu ya ramani moja.

Baharini hali ni ileile. Katika Risk, mchezo alioubuni Mfaransa Albert Lamorisse na uliotoka mwaka 1957, mstari uliochorwa juu ya bahari una maana moja tu: hapa panavukika. Ndiyo maana mtoto akiuona mstari unaotoka Brazil kwenda Afrika Kaskazini anajua askari wake wanaweza kupita. Katika ramani yetu kuna mistari ya vitone ya kuvukia, na kuna mistari mingine ya vitone, ya rangi ileile na unene uleule, inayopamba bahari kama njia za majahazi. Mwenzetu mmoja alipanga zamu tatu za kuiteka Shelisheli kutokea Mombasa, kisha akaambiwa kwamba mstari ule ni pambo.

Kuhusu askari wa nyongeza, yaani wale anaopewa mchezaji aliyeishika kanda nzima, nitasema wazi kwamba hapa hapakufanyika hesabu yoyote. Australia ya Risk ina maeneo 4 na mlango mmoja, nayo inatoa askari 2, wakati Asia yenye maeneo 12 inatoa 7, kwa sababu kanda iliyo rahisi kuilinda haipaswi kulipa sana. Mchoraji wetu ameziweka Madagaska, Komoro, Shelisheli na Morisi katika kanda moja ya maeneo 4, ambayo haiingiliki ila kwa mlango mmoja wa kutoka Msumbiji, kisha akaipa askari 5. Afrika Magharibi yenye maeneo 15, inayoshambuliwa kutoka Mauritania, Aljeria, Libya, Chadi na Kameruni, inatoa 6. Aliyevishika visiwa ameshinda mara zote tatu.

Sitakaa sana kwenye rangi za kahawia zinazofanana, wala kwenye dira kubwa iliyokalia Ghuba ya Guinea na kuifunika Sao Tome.

Nilimwandikia mchoraji kwa heshima zote. Alinijibu kwamba anayeijua jiografia ya Afrika hawezi kupotea, na kwamba yeye amefuata skeli halisi. Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Aljeria ina ukubwa wa takriban mara 90 ya Rwanda, kwa hiyo ukifuata skeli halisi, Aljeria inajaa kete za askari mpaka zinapotelea jangwani, na Rwanda haipati nafasi ya kete moja, achilia mbali jina lake. Kete zetu za Rwanda zilikuwa zikikaa nusu Uganda na nusu Burundi, na mara mbili tulihesabu askari wa mtu mwingine. Harry Beck aliiacha skeli alipochora ramani ya treni za chini ya ardhi za London, iliyotoka mwaka 1933, kwa sababu msafiri alitaka kujua kituo gani kinafuata kipi. Mchezaji naye anataka kujua eneo gani linagusa lipi, na skeli ikimzuia kulijua hilo, skeli ndiyo inayopaswa kuondoka.

Ninachodai si kikubwa. Kabla ya kuuza nakala nyingine, mchoraji amkabidhi ramani mtu ambaye hajawahi kuicheza, amtajie maeneo kumi, na amwombe ataje majirani wa kila moja kwa kutazama tu. Jirani mmoja akikosewa, mpaka huo uchorwe upya. Orodha kamili ya mipaka ichapishwe kando ya ufunguo wa ramani, pamoja na sentensi moja kuhusu maziwa. Na sisi tuliokwisha kulipa tupewe toleo lililorekebishwa bila kutozwa tena, kwa sababu hatukununua picha ya kutundika sebuleni.

Waliocheza ramani hii na wakaamua wenyewe juu ya Ziwa Tanganyika, naomba mweleze hapa chini mlitumia kanuni gani, maana Jumamosi tunakutana tena na bado hatujakubaliana.