Rangi mbili kwenye nyanya: tuendelee au tuache?

Mwembe Ngowe: Juzi kando ya Mto Sabaki nilimkuta kijana anafungua vidonge vya rangi mbili, unga anaumwaga kwenye pampu ya lita 20. Nyanya zinamnyaukia, kaambiwa tetra (tetrasaiklini, antibiotiki ya watu iliyomo kwenye vidonge hivyo) inaua kila kitu. Napinga. Mnyauko wa bakteria uko udongoni. Kunyunyiza majani ni kumkanda mguu mwenye kuumwa na tumbo. Kata shina, lining'inize kwenye glasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe kama maziwa, hiyo bakteria. Lisipotoa, huenda ni ukungu, na antibiotiki haiui ukungu. Haya, nipingeni.

Wa Sabaki: Mzee wangu, kijana huyo ni mimi. Wamarekani wananyunyizia matufaha streptomisini, nayo ni antibiotiki, tangu miaka ya 1950. Huko Florida minazi inayougua umanjano hudungwa oksitetrasaiklini, ndugu wa tetra, shinani kila miezi 4. Kwao halali, kwetu haramu?

Mwembe Ngowe: Kumbe! Basi samahani kwa kukuanika. Lakini mnazi ule hauponi, mwanangu. Ukiacha kudunga, umanjano unarudi. Na kwenye mapea, ndugu wa matufaha, California walikuta bakteria sugu kwa streptomisini mwaka 1971. Kibali cha kunyunyizia michungwa streptomisini nacho kilifutwa na mahakama ya rufaa huko huko Marekani, 2023.

Mama Mambrui: Mzee, kwa ukungu umeteleza. Kasugamisini ni antibiotiki, na Wajapani wanaitumia kwa ukungu wa mpunga tangu miaka ya 1960. Ila hiyo si dawa ya binadamu, na hapo ndipo ugomvi wangu na tetra ulipo. Streptomisini ilitutibu kifua kikuu, tetra imetutibu kipindupindu. Bakteria wakizizoea shambani, wagonjwa tutawapa nini? Mimi nanunua nyanya hizo hizo sokoni, mwanangu, nawapikia watoto.

Mwembe Ngowe: Kwa kasugamisini nimekubali, mama. Nilisema jumla mno.

Wa Sabaki: Nami nimejaribu ile glasi asubuhi. Uzi umetoka. Sasa nifanyeje, maana mkopo wa mbegu haujui habari za bakteria?

Mama Mambrui: Ng'oa zilizougua, uzichome. Usihamishe maji ya mfereji huo kwenda kitalu kingine. Kisha panda mahindi misimu miwili mitatu. Pilipili, biringani na viazi usiguse, ukoo wao na nyanya ni mmoja.

Wa Sabaki: Mahindi, kando ya Sabaki? Viboko wale hawataniachia hata gunzi.