Mrejesho: Hati mpya ya jirani dhidi ya hukumu ya mwaka 2009

Wakuu, niliuliza hapa iwapo hati ya umiliki aliyopata jirani mwaka 2017, juu ya kiwanja ambacho Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilimpa marehemu baba mwaka 2009, inaweza kuifuta hukumu ile. Jirani hakukata rufaa ndani ya siku 45, na shauri jipya alilofungua lilisimama juu ya dai lilelile la ununuzi lililokataliwa na Baraza.

Wakili wetu aliweka pingamizi la awali chini ya kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kinachozuia kusikilizwa upya kwa jambo lililokwisha kuamuliwa baina ya wadaawa (pande za kesi) walewale. Nakala ya hukumu na tuzo (amri rasmi inayotokana na hukumu), yenye pini iliyoota kutu na muhuri uliofifia, mama aliihifadhi ndani ya sanduku la kanga. Bila hiyo sijui tungesema nini. Shauri limetupwa, pamoja na gharama.

Hata hivyo hati yenyewe bado imo katika daftari la Msajili wa Hati, kwa hiyo tunaomba Mahakama Kuu iamuru daftari lirekebishwe chini ya kifungu cha 99 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334.