Wiki ya 31: kiungulia, miguu kuvimba, misuli kukaza na choo kigumu. Mpaka wa "kawaida" uko wapi?

Tumaini31:
Habari wadau. Mimba ya kwanza, wiki ya 31. Presha ya kliniki iliyopita ilikuwa 116/74, mkojo haukuwa na protini. Shida ni nne: kiungulia kila nikilala, choo kigumu tangu nianze vidonge vya damu, misuli ya mguu kukaza saa 8 usiku, na miguu kuvimba jioni mpaka soksi zinaacha alama. Kila ninayemuuliza ananijibu "ndiyo mimba hiyo". Naomba mnionyeshe mpaka: ikifika wapi si kawaida tena? Na je, dawa ya kiungulia na vidonge vya damu naweza kumeza pamoja?

mkunga_wa_zamu:
Dada Tumaini, pole. Naanza na swali la mwisho, maana kosa hili huwafanya wengi wameze vidonge miezi mitatu na damu isipande. Usimeze pamoja. Madini ya chuma yaliyo kwenye vidonge vya damu yanahitaji asidi ya tumbo ili yafyonzwe, na dawa ya kiungulia kazi yake ni kuizima asidi hiyo hiyo. Tenganisha kwa saa 2 au zaidi: kwa mfano, kidonge cha damu katikati ya asubuhi, dawa ya kiungulia baada ya chakula cha usiku. Chai, kahawa na maziwa navyo viwe mbali na kidonge. Juisi ya chungwa husaidia chuma kufyonzwa, ila kwako inaweza kuamsha kiungulia, kwa hiyo maji matupu yanatosha.

Choo kigumu hakisababishwi na chuma peke yake. Homoni za mimba hulegeza utumbo, chakula kinakawia humo, maji yananyonywa mengi kuliko kawaida. Kunywa maji glasi 8 mpaka 10 kwa siku, ongeza mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, tembea kila siku. Chooni, pandisha miguu juu ya kigoda kifupi ili magoti yapite usawa wa nyonga, wala usijikamue, maana bawasiri huanzia hapo. Yakishindikana, omba laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kumfikia mtoto. Choo kuwa cheusi ni rangi ya chuma tu. Kikiwa kama lami, kinanata na kunuka vibaya, hiyo ni damu.

Lakini vidonge usiviache kimyakimya. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku, pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Kama chako kimezidi hapo, uliza sababu: huenda ulionekana una upungufu wa damu, au huenda dozi inaweza kupunguzwa.

Viungo_na_Misuli:
Kuhusu mguu. Shavu la mguu likikaza, usisukume vidole kuelekea chini, utaongeza mkazo. Nyoosha goti, vuta vidole vije upande wako, shikilia mpaka misuli iachie. Kabla ya kulala simama ukiwa umeweka viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino hakiinuki, egemea mbele sekunde 30. Mara 3 kila mguu. Vidonge vya magnesi vimewasaidia baadhi na wengine havikuwafaa kitu, kwa hiyo visiwe tegemeo lako.

Mkazo wa kawaida huisha kwa dakika chache. Mguu MMOJA ukiuma mchana kutwa, umevimba kuliko mwenzake na una joto, hapo usiukande wala usiusugue kwa dawa. Pima mashavu yote mawili kwa utepe, mahali pamoja. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi inatosha kukupeleka hospitali siku hiyo hiyo, kwani inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Ukianza na kuishiwa pumzi au kifua kuchoma, ni dharura ya saa hiyo.

DktZawadi:
Kiungulia: mlo mdogo mara 5 au 6, cha mwisho saa 3 kabla ya kulala. Inua miguu ya kitanda upande wa kichwani kwa sentimita 15. Kurundika mito hakusaidii, kunakukunja kiunoni na tumbo linazidi kubanwa. Lala ubavu; wa kushoto hupunguza asidi kupanda, na kuanzia wiki ya 28 kulala chali si salama kwa mtoto. Ukijikuta chali usiku usitishike, geuka tu uendelee kulala.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Maumivu chini ya mbavu za kulia, au chembe ya moyo isiyosikia dawa ya kiungulia, yanaweza kuwa ini linalalamika kwa sababu ya presha ya mimba. Wengi huendelea kutafuna dawa ya asidi nyumbani wakati tatizo liko kwingine kabisa.

Ndivyo ilivyo kwa uvimbe. Miguu yote miwili, jioni, inayopungua asubuhi: kawaida. Uso na mikono kuvimba ghafla, kichwa kuuma sana, kuona ukungu au vimulimuli: kapime presha leo. Ile 116/74 ilikuwa ya siku ile tu. Kupanda kunaweza kutokea katikati ya kliniki mbili. Ukipima nyumbani, kaa dakika 5 umeegemea, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, bila kuzungumza. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudia baada ya dakika 15. Ikibaki hapo, nenda siku hiyo. Ikifika 160/110, usirudie nyumbani, ondoka. Na tafadhali usipunguze maji ya kunywa wala kumeza dawa ya kukojoza ili uvimbe ushuke.

Tumaini31:
Asanteni sana. Kichwa kikiuma kidogo tu, bila dalili hizo, nimeze nini?

mfamasia_K:
Parasetamoli ya miligramu 500, kidonge 1 au 2, kila baada ya saa 6 ukihitaji, visizidi 8 kwa saa 24. Soma pakiti za dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani na watu hujikuta wamezidisha. Ibuprofeni na diklofenaki achana nazo: baada ya wiki ya 20 zinaweza kudhoofisha figo za mtoto na maji ya uzazi yakapungua, na karibu na mwezi wa nane zinaweza kufunga mapema mshipa ulio karibu na moyo wake. Jeli ya kupaka nayo usiitumie bila kuuliza. Aspirini ya dozi ndogo uliyoandikiwa kliniki ni suala tofauti, hiyo usiiache. Parasetamoli isipofanya kazi, rudi kwenye maelezo ya daktari hapo juu: presha kwanza.

mkunga_wa_zamu:
Naongeza mawili ambayo hukuyauliza. Mtoto akipunguza kucheza kuliko mazoea yake, nenda saa hiyo hiyo hata kama ni usiku. Si kweli kwamba hutulia mimba ikikaribia kukomaa. Na viganja au nyayo zikikuwasha, hasa usiku, bila vipele, omba kipimo cha damu cha asidi za nyongo na utendaji wa ini.