Bosi kufuatilia nani kafungua faili gani: ulinzi au upelelezi?

Mleta mada: Wakuu, chukulia ofisi ndogo yenye folda moja ya pamoja: mishahara, mikataba, bei za wateja, vyote humo. Mwenye biashara anawasha logi inayoandika jina, saa na faili lililofunguliwa, kimyakimya. Ni sawa? Msimamo wangu: kufuatilia ana haki, kuficha hana. Siku orodha ya wateja ikivuja na hakuna kumbukumbu, wote mnakuwa watuhumiwa, hata asiye na habari.

Mdau wa pili: Ukimtangazia mwizi kwamba unamwona, atapiga picha skrini kwa simu yake. Logi yako itabaki safi na wateja wameshaondoka. Mali ni yake, aache alinde.

Mdau wa tatu: Hiyo picha ya simu hata logi ya siri haiioni, mkuu. Mimi ni fundi wa mambo haya. Kwenye Windows, ukiwasha ukaguzi wa mafaili unapata tukio namba 4663, nalo linasema akaunti gani imegusa faili gani. Ni mtu gani hasa alikuwa kwenye akaunti hiyo na kwa nia gani, halisemi. Antivirasi ikipita nayo inaweza kuandikwa. Logi ikijaa, za zamani zinafutika usipobadilisha mpangilio. Kubwa zaidi, ofisi nyingi ndogo watu wote wanaingia kwa akaunti moja, nywila imebandikwa pembeni ya skrini. Basi logi inakuambia "ofisi" alifungua faili la mishahara saa 2:14 usiku. Haya, mfukuze "ofisi". Mpe kila mtu akaunti yake, ufunge folda ya mishahara kwa wasiohusika, halafu ndiyo tuongelee kufuatilia.

Mleta mada: Hapo kwenye akaunti umenimaliza. Kuhusu usiri lakini, kuna kesi ya Bărbulescu wa Romania, aliyefukuzwa kazi 2007 baada ya mwajiri kusoma meseji zake za Yahoo Messenger. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mahakama za kwao hazikumlinda inavyotakiwa. Mojawapo ya kasoro ni kutohakikisha kama aliarifiwa mapema kwamba anafuatiliwa na kwa kiasi gani. Zile zilikuwa meseji, najua, faili la kazi ni jambo jepesi zaidi. Ila mdau wa pili, nijibu hili: logi yako ya siri ikimnasa mtu, utaitoa vipi kama ushahidi bila wengine kujua nao walikuwa wanachunguzwa?