Umeme wa TANESCO: mwenye sola sh 122 kwa uniti, sie wapangaji sh 356, hii imekaaje?

UyoleJuu
Wakuu habari za jioni. Nipo Uyole Mbeya, nyumba ya kupanga vyumba vinne LUKU (mita ya kulipia kabla) moja, kila chumba kinakula kama uniti 30 kwa mwezi, taa tv na pasi basi, jumla 120 so tupo tarifu ya kawaida, sh 292 kwa uniti, ukiongeza VAT 18%, tozo ya REA (umeme vijijini) 3% na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) 1% inagonga 356. Sasa mzee mwenye nyumba anakaa jirani hapo, kafunga sola na mabetri ya maana, kwa mwezi hafikishi uniti 75 kwa hiyo yupo ile ya watumiaji wadogo, sh 100 kwa uniti kabla ya makato hayo, yaani 122!! Ila jioni baridi ikishuka na betri zimekata utasikia shawa ya umeme inanguruma, nguzo ileile transfoma ileile. Ni haki hii?

Mnyalu_Ipogolo
Pole mkuu. Ile 75 iliwekwa kumlinda mnyonge, ila mita inahesabu uniti haihesabu watu. Kila chumba kingekuwa na mita yake kila mmoja angelipa 3,660 kwa mwezi, sasa hivi anatoboka 10,680. Mzee aliyejitosheleza ndo anaonekana masikini 😂

fundi_Mafinga
Shida ni kwamba gharama ya waya na transfoma haifuati uniti, inafuata mzigo wa juu, yaani umeme mwingi unaovutwa kwa mpigo, ile saa moja hadi saa nne usiku watu wote wamewasha. Huku viwanda vya mbao vilivyo T2 (tarifu ya watumiaji wakubwa) wanalipa sh 195 kwa uniti, sevisi chaji (tozo ya kila mwezi) 14,233 halafu 15,004 kwa kila kVA (kipimo cha mzigo) ya juu waliyofikia, ukiwasha misumeno yote kwa mpigo utaikuta kwenye bili. Majumbani hiyo haipo, ndo maana mzee anatumia gridi kama jenereta ya akiba bila kuilipia.

MamaTukuyu
Fundi usije ukaturudishia sevisi chaji tafadhali! Ile 5,520 ilitolewa 2016 tukapumua, mwenye friji moja alikuwa analipa sawa na mwenye mafriji matatu. Na kwenye LUKU tayari kuna kodi ya jengo 1,500 kila mwezi ambayo anakatwa nani? Mpangaji.

fundi_Mafinga
Mama sijasema wote sawa. Tozo iende kwa ukubwa wa breka (swichi kuu ya nyumba), mwenye ndogo alipe sifuri, anayetaka kuwasha shawa na jiko kwa pamoja achangie waya. Na nafuu ya 75 ihesabiwe kwa kaya.

Ilomba_Sola
Na sisi wa sola mkitubana sana tunakata waya kabisa, tunaongeza betri, hizo nguzo mtazilipia wenyewe. Kanuni za 2018 zinaruhusu kurudisha umeme wa ziada kwenye gridi, mtulipe vizuri basi hasa tukitoa usiku.

fundi_Mafinga
Ukitoa saa mbili usiku ulipwe vizuri kabisa, hapo umeokoa transfoma. Saa sita mchana, mzigo uko chini, ndo nakukatalia. Na kukata waya Mbeya hiyo, mvua za Machi, jua utalipata wapi? Haya bwana.

UyoleJuu
Nimewaelewa. Fundi, paa moja TANESCO wanakubali mita nne?

fundi_Mafinga
Wanakubali, ila waya za ndani zitenganishwe kila chumba na fundi mwenye leseni ya EWURA ajaze fomu. Kuunganisha mjini ni laki 3 na 20 na ushee kwa mita, ongeeni na mzee awapunguzie hiyo kwenye kodi ya chumba kabla hamjatoa hata mia.